Mtoto si Banki

Mara nyingi twawasikia watu wa Lubumbashi wakisema: “Uzee ni shida ya Wazungu. Sisi tuna watoto. Watoto ndio banki yetu.” Neno hili ni tamu, lakini lawadanganya.

Ni kweli, nchi yetu ni ya vijana. Huko Japani, katika watu 100, karibu 30 wamefika miaka 65. Kwetu Kongo ni 3 tu. Lakini tazameni wanavyofanya watu wa nchi zenye wazee wengi. Wakiwa na nguvu huweka akiba katika mifuko ya pensheni. Mifuko hiyo hununua hisa za makampuni na hati za deni za serikali. Akiba ikizidi, riba hushuka. Basi hutafuta faida mbali, hata katika makampuni yanayochimba shaba na kobalti ya Katanga. Hivyo shaba yetu yamlisha mzee wa ng’ambo. Je, yamlisha mzee wa Katuba?

Wazee wetu nao waliweka. INSS iliundwa mwaka 1961, na mishahara ikakatwa kwa ajili ya uzee. Lakini fedha yenyewe ilikufa. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zilifanywa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zilifanywa franka moja. Hesabuni wenyewe: zaire 300,000,000,000 kwa franka moja! Kisha, kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa malipo ya mara moja.

Na ile banki ya watoto? Baba alipokosa mshahara, mtoto alikosa shule. Ni banki gani hiyo, inayofilisika siku ile ile anapofilisika mwenye akiba?

Hatusemi watoto wasiwatunze wazazi. Huo ni wajibu. Twasema mtoto asiwe kisingizio cha wakubwa. Serikali ilinde thamani ya franka. CNSS, iliyoshika mahali pa INSS, ionyeshe hadharani kila mwaka akiba ya wafanyakazi imewekwa wapi. Na nchi hii, iliyokaa miaka mingi bila soko la hisa, impe mchimbaji njia ya halali ya kununua sehemu ya shaba anayoichimba.

Vijana wa leo ndio wazee wa mwaka 2060. Wasikatwe mshahara wao ili siku ile wapewe karatasi tupu.