Mboga za Majani na Mnyanyua Vyuma

Katika mitaa mingi ya miji ya Afrika Mashariki vijana wamejitengenezea viwanja vya kunyanyua vyuma kwa vifaa haba: kipande cha bomba, na kopo lililojazwa saruji katika kila ncha. Viwanja hivyo vimezaa elimu yao ya chakula, nayo aghalabu huaminiwa kuliko ile ya darasani. Hukumu yake ni fupi. Nyama, mayai na maziwa ndivyo vyakula vya mwenye misuli. Mchicha ni chakula cha mgonjwa, au cha mwisho wa mwezi fedha zinapokwisha. Mwenye uwezo kidogo huongeza kopo la unga wa protini kutoka ng'ambo. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu haing'oki kwa mahubiri ya kawaida juu ya lishe bora.

Ukweli wenyewe ni kwamba msuli hujengwa kwa protini. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2018, uliojumlisha majaribio 49, ulionyesha kuwa mtu afanyaye mazoezi ya nguvu hafaidi sana kwa kuzidisha protini kupita gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 70, basi, atahitaji gramu 112 hivi. Mchicha uliopikwa una gramu 2 hivi za protini katika kila gramu 100. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kukokotoa kwamba kijana huyo angelazimika kula zaidi ya kilo 5 za mchicha kila siku. Ng'ombe huyamudu hayo, kwa kuwa ana tumbo la sehemu nne na mchana kutwa wa kutafuna. Kwa hiyo mwalimu anayewaambia wanafunzi kuwa mboga za majani hujenga misuli anaiharibu kesi yake mwenyewe, maana vijana watamkamata kwa hesabu rahisi.

Sifa za uongo zimeidhuru mboga kwa muda mrefu. Baharia Popeye, mhusika wa katuni za Marekani aliyebuniwa na E. C. Segar mwaka 1929, aliwafanya watu wa nchi nyingi waamini kwamba spinachi huleta nguvu papo hapo. Baadaye ikaenea hadithi kwamba imani hiyo ilitokana na mtaalamu aliyekosea nukta ya desimali alipoandika kiasi cha madini ya chuma kilichomo katika spinachi. Hadithi hiyo nayo imenakiliwa hata katika maandishi ya kitaaluma, ilhali waliofuatilia chanzo chake hawakuona ushahidi wa nukta hiyo. Watu wasomi huambukizana ngano kama watu wengine.

Madini ya chuma yamo katika majani, ila si rahisi mwili kuyapata. Chuma cha nyama hufyonzwa vizuri zaidi. Cha majani huzuiliwa na viambato vingine vya mmea, na chai inayonywewa pamoja na chakula huzidisha kizuizi hicho. Hapa kemia ya darasani ina kazi. Vitamini C hubadili chuma chenye chaji tatu kuwa chenye chaji mbili, ambacho utumbo hukipokea kwa wepesi. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mchicha, au pera linaloliwa baada ya ugali, hufanya kazi ambayo kuongeza mchicha peke yake hakufanyi. Jambo hili lawahusu hasa wasichana, ambao hupoteza damu kila mwezi na ambao sasa wanazidi kuingia katika michezo ya nguvu. Upungufu wa damu hauwezi kuondolewa kwa kuongeza saruji katika kopo.

Kuna mambo mawili mengine ambayo kijana wa uwanjani hayasikii. La kwanza ni magnesiamu. Kila molekuli ya klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, ina atomu moja ya magnesiamu katikati yake. Na ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nishati ya msuli, hufanya kazi ikiwa imeshikamana na madini hayo hayo. La pili ni naitreti, iliyomo kwa wingi katika mchicha na spinachi. Bakteria wa ulimini huigeuza kuwa naitriti, na mwilini ikawa naitriki oksaidi, gesi inayotanua mishipa ya damu. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo ulipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Mwaka 2007 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa naitreti hupunguza oksijeni inayotumika katika kuendesha baiskeli. Kwa kunyanyua vyuma matokeo ni madogo, na majaribio hayapatani. Asidanganywe mtu. Lakini anayesukutua kila siku kwa dawa kali ya kuua bakteria wa kinywani ajue kuwa anawaua pia hao watumishi.

Mzozo mkubwa zaidi uko jikoni. Katika shule nyingi za bweni mboga huchemshwa hata ikafa, kisha maji yake humwagwa pamoja na potasiamu na vitamini. Magadi hulainisha majani haraka, lakini huangamiza vitamini C. Kisamvu ni kitu kingine: hicho lazima kitwangwe na kuchemshwa sana, kwa sababu ya sumu ya sianidi iliyomo ndani yake. Kwa mchicha, waliopatia ni wale mabibi wanaoupika kwa muda mfupi katika tui la nazi au karanga, kwa kuwa karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huhitaji mafuta ili ifyonzwe.

Kuhusu kopo la ng'ambo, vijana wangefaa kusoma uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 na maabara ya Cologne, Ujerumani. Kati ya virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13, 94 vilikuwa na homoni za kujenga misuli ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Mnunuzi alilipia kitu kimoja akameza kingine, na mwanamichezo aliyepimwa angeweza kufungiwa bila kujua kosa lake.

Fedha za kopo moja zingenunua maharage, dagaa na mayai ya siku nyingi, navyo hivyo ndivyo vijenzi vya msuli. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne tangu kupandwa, na tuta lake laweza kuwa somo la biolojia kabla ya kuwa kitoweo. Mwalimu wa michezo naye aongeze sharti moja: sahani kubwa ya majani isiliwe muda mfupi kabla ya mazoezi, maana hujaza tumbo bila kutoa nishati ya kutosha, na kijana mwembamba anayetaka kuongeza uzito aanze na wali na maharage, mboga zifuate.