Siku shemeji alipogeuza chombo

Sijawa mzazi bado. Nasema mapema ili usidhani nakuja kukufundisha kulea. Ila mimi ni mama mdogo wa watoto wawili, na Julai mwaka jana nilikaa nao siku saba ndani ya mashua ya tanga nchini Ugiriki, kwenye Bahari ya Mediterania. Kilichotokea siku ya nne sijakisahau, na nadhani kinakuhusu hata kama likizo yenu ni ya kupanda basi kwenda kwa bibi.

Shemeji yangu ni mtu wa Pangani. Baba yake alikuwa mvuvi wa ngalawa, na yeye mwenyewe alijua kushika usukani kabla ya kujua kusoma. Maisha yakampeleka Ujerumani, akawa fundi mitambo, akamuoa dada yangu. Wana binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka minne. Bahari haikumtoka moyoni. Alisoma jioni na wikiendi mpaka akapata cheti cha unahodha, kisha akaweka akiba miaka miwili ili akodi mashua na kuitembeza familia yake.

Ugiriki hawakupi mashua hivi hivi. Nahodha lazima awe na cheti, na awepo mtu mzima mwingine mwenye uzoefu wa tanga. Huyo wa pili alikuwa dada. Mimi nilialikwa nishike watoto.

Bahari isiyokupwa

Tulianzia Lefkada, kisiwa cha magharibi mwa Ugiriki, kwa mashua ya futi 40 yenye vyumba vitatu, jiko la gesi na friji ndogo.

Mtu aliyekulia Tanga anashangaa jambo moja kwanza: maji hayaendi popote. Kwetu wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi. Kule tofauti ya kujaa na kupwa ni kama shubiri moja au mbili. Kwa hiyo mashua hufungwa gatini kwa upande wa tezi, unatandika ubao, unashuka na kwenda mgahawani.

Jambo la pili ni upepo. Kiangazi, asubuhi bahari ile inalala kama ziwa. Mchana unaamka upepo wa kutoka kaskazini-magharibi, wenyewe wanauita maistro, unavuma mpaka jua linapokaribia kuzama, kisha unakatika. Shemeji alitueleza siku ya kwanza: "Safari ya watoto ni ya asubuhi. Mchana tuwe tumeshatia nanga." Ukumbuke maneno hayo.

Hakuwa mzembe hata kidogo. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna mtoto anayetoka juu bila jaketi okozi, hata mashua ikiwa imefungwa gatini. Na halikuwa jaketi la mtu mzima lililokazwa kamba. Lilikuwa la uzito wa mtoto mwenyewe, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu ili lisimvuke kichwani akianguka majini. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 hufa maji kila mwaka, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Shemeji alizijua takwimu hizo kuliko mimi niliyewahi kuziandika gazetini.

Siku tatu za kwanza zilikuwa raha tupu. Tulilala Meganisi. Tulipita karibu na Skorpios, kisiwa ambacho tajiri Aristotle Onassis alimuolea Jacqueline Kennedy mwaka 1968. Tukavuka hadi kijiji cha Kioni kwenye kisiwa cha Ithaca, ambacho katika hadithi za Wagiriki ni kwao Odysseus, yule aliyechukua miaka kumi kurudi kwa mke na mwanawe baada ya vita.

Siku ya nne

Ratiba ya shemeji ilikuwa imebandikwa ukutani, juu ya meza ya chakula. Siku ya nne ilisema: Kioni hadi Fiskardo. Yaani kuzunguka ncha ya kaskazini ya Ithaca, halafu kukata mkondo hadi kisiwa cha Kefalonia. Fiskardo ndiyo sehemu aliyoiota tangu anunue ramani.

Tulichelewa kuondoka. Watoto walitaka kuogelea. Dada alipanda kijijini kutafuta mkate. Tulipovuta nanga tukakuta mnyororo wa jirani umelala juu ya wetu, tukahangaika nao karibu saa nzima. Mpaka tunatoka ilikuwa saa saba mchana, na maistro ilikuwa imeshaamka.

Tukawa tunakwenda joshi, kuukabili upepo. Mashua ikalala ubavu, omo ikawa inapanda wimbi na kupiga chini. Mvulana akatapika. Mara ya kwanza tulicheka naye. Mara ya pili dada akamshusha chumbani akalale.

Hapo tulikosea, na mimi ndiye niliyepaswa kujua. Kichefuchefu cha safari hutokea pale sikio la ndani linapouambia ubongo kuwa mwili unayumba, wakati macho yanaona ukuta umetulia. Ukimfungia mtoto chumbani unazidisha huo ugomvi. Alipaswa kukaa nje kivulini, katikati ya mashua ambako mtikisiko ni mdogo, aangalie mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Watoto wa kati ya miaka miwili na 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi na hali hii.

Akatapika mara ya tatu, ya nne. Shemeji akatoa kidonge chake cha kichefuchefu, akataka kukikata nusu. Nikamkatalia. Dawa nyingi za aina hiyo zina umri wa chini wa kuzitumia, na dozi ya mtoto haipatikani kwa kukadiria kwa kisu. Tena hufanya kazi zikinywewa kabla ya safari, si baada ya kuanza kutapika.

"Haya," akasema. "Atazoea. Baharini kila mtu hutapika."

Nikanyamaza. Nilikuwa mgeni, safari ni yake, akiba ni yake. Sikutaka kuwa mtu wa kuharibu sherehe. Dada naye alinyamaza, nadhani kwa sababu hizo hizo. Tulikaa hivyo zaidi ya saa moja.

Aliyetuamsha ni binti wa miaka tisa. Alitoka chumbani akaniuliza: "Mama mdogo, mbona halii tena?"

Nikashuka. Mdomo ulikuwa umekauka, ulimi unanata. Nikamwita akafumbua macho, akayafumba. Maji aliyasukuma kwa mkono. Nikamuuliza dada mara ya mwisho alikojoa lini. Saa mbili asubuhi. Wakati huo ilikuwa saa tisa alasiri, na joto lilikuwa nyuzi 34.

Nikapanda juu. "Shemeji, mtoto hajakojoa tangu asubuhi, na sasa hata maji hayataki."

Akaangalia mbele. Kefalonia ilikuwa inaonekana. "Imebaki saa moja na nusu tu, shemeji."

Dada akasema taratibu, "Najua, nahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini mwanao yuko mrama tangu saa saba, baba."

Shemeji hakujibu. Alimtazama dada, akayatazama matanga, halafu akazungusha usukani. Upepo ukatujia nyuma. Ndani ya dakika chache ile mashua iliyokuwa ikirukaruka ikatulia, na kelele zote zikaisha. Haikufika saa moja tukaviona tena vinu vitatu vya zamani vya upepo vilivyobomoka pale mlangoni mwa Kioni. Gati lilikuwa limejaa. Tukatia nanga pembeni na kufunga kamba kwenye mwamba.

Kijiko kimoja kimoja

Kwenye begi langu kulikuwa na pakiti za ORS nilizonunua nyumbani. Dada alikuwa amezicheka uwanja wa ndege. Tulichanganya pakiti moja na lita moja ya maji safi, tukampa kijiko kidogo kila baada ya dakika mbili au tatu. Alipotapika tulisubiri dakika kumi, tukaanza tena polepole zaidi. Kumpa mtoto anayetapika kikombe kizima ni kukiomba kirudi.

Tulikubaliana mapema: ikifika saa moja maji hayakai tumboni, au akizidi kulegea, tunaita teksi ya kutupeleka kwa daktari Vathy, mji mkuu wa Ithaca. Namba ya dharura ya Ulaya, 112, ilikuwa imeandikwa mlangoni, na redio ya mashua ilikuwa tayari kwenye chaneli 16, ile ya dharura baharini.

Hatukuihitaji. Baada ya kama dakika 40 alianza kuomba kijiko mwenyewe. Jua lilipokuwa linazama alikojoa, nasi watu wazima watatu tukashangilia kama timu imefunga bao. Kisha akaomba mkate.

Shemeji alikaa karibu naye usiku kucha. Asubuhi nilikuta kwenye ratiba amekata neno Fiskardo kwa kalamu na kuandika Kioni tena. Fiskardo hatukuiona. Nasikia ni pazuri, moja ya sehemu chache za Kefalonia ambazo nyumba zake za zamani zilinusurika tetemeko la mwaka 1953.

Kabla hamjaondoka

Shemeji alijua kila kitu kuhusu upepo, na mimi nilijua mengi kuhusu kuishiwa maji mwilini. Kujua hakukutusaidia kwa saa nzima ile, kwa sababu yeye alikuwa ameishikilia ratiba na mimi nilikuwa nimeishikilia adabu.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya safari yoyote, iwe mashua, boti ya Unguja au basi la usiku, kubalianeni mambo haya mkiwa bado nyumbani.

Kwanza, kila mtu mzima, hata mgeni, ana ruhusa ya kusema "tusimame" bila kuonekana mharibifu.

Pili, aliye mdogo kuliko wote ndiye anayeamua mwendo. Mkichelewa kuondoka, badilisheni mwisho wa safari, msimkimbize yeye.

Tatu, ulizeni kila saa chache: amekunywa? Amekojoa? Mtoto aliyekaa saa sita au zaidi bila kukojoa, anayelia bila machozi, mwenye mdomo mkavu au macho yaliyozama, anaishiwa maji. Akiwa mlegevu, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akitapika damu au akipata degedege, mpeleke hospitali mara moja.

Nne, bebeni ORS. Msipoipata, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vinasaidia wakati mnaitafuta.

Na mtoto aliyekuwa analia akinyamaza ghafla, usishukuru kabla hujamtazama.

Mwaka huu shemeji anapanga kurudi kule kule. Ratiba mpya amenitumia juzi. Siku ya nne ameiacha wazi.