Kiti cha Wilaya ya 13

Msomaji wetu, asikiapo jina la Barack Obama, aghalabu hukumbuka Kogelo, kijiji cha jamaa za baba yake. Lakini mlango alioingilia katika siasa u kwingine, kusini mwa mji wa Chicago, kando ya Ziwa Michigan, penye mtaa wa Hyde Park na wilaya ya 13 ya Seneti ya Illinois, mojawapo ya wilaya 59 za baraza hilo. Nami naona, ijapokuwa wako watakaoudhika, kwamba tarehe ya kiti hicho yafaa kusomwa kwa kuuliza ni nani hasa aliyekuwa akikigawa.

Richard Newhouse, aliyethubutu mwaka 1975 kugombea umeya wa Chicago akashindwa, alikuwa seneta wa upande huo tangu 1967. Alipoondoka mwaka 1991, Alice Palmer aliteuliwa kushika mahali pake. Kwani sheria ya Illinois, seneta akitoka kabla ya muda wake kwisha, huwapa wakubwa wa chama chake wilayani madaraka ya kumtafuta mrithi, wala haiwaiti raia kwenye uchaguzi mdogo kama tulivyozoea sisi.

Mwaka 1995 Palmer alitamani kwenda Bunge la Washington, akamwunga mkono Obama arithi kiti. Lakini alipobwagwa na Jesse Jackson Jr. alitaka kukirudia, na Obama akakataa kumpisha. Kanuni ilimtaka kila mgombea alete sahihi 757 za wapiga kura wa wilaya ile, na watu wa Obama, badala ya kushindana naye majukwaani, wakaketi na makaratasi wakizipekua sahihi moja moja: huyu hakusajiliwa, yule akaa wilaya nyingine, huyu kaandika jina kwa herufi za chapa. Palmer akajitoa, wengine wakaenguliwa, hata kura ya mchujo ya Democratic ya Machi 1996 ikapigwa pasipo mshindani. Na mahali ambapo chama hicho hakishindwi, mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Ilikuwa halali, sikatai.

Mipaka nayo ina kisa chake. Mwaka 2001 vyama vilipokosa kupatana, katiba ya jimbo ikaagiza mjumbe wa kukata shauri apatikane kwa bahati nasibu, na jina likatolewa ndani ya kofia iliyoigizwa ile ya Abraham Lincoln! Democratic wakapata, na wilaya ya Obama ikanyooshwa kaskazini kando ya ziwa hadi mitaa ya matajiri.

Alipopanda kwenda Seneti ya Marekani mwaka 2004, Kwame Raoul, mwana wa wahamiaji wa Haiti, aliteuliwa. Naye alipokuwa Mwanasheria Mkuu wa Illinois mwaka 2019, akateuliwa Robert Peters. Kweli, walioteuliwa hawa walithibitishwa baadaye kwa kura, lakini aliyekwisha kuketi hupigiwa kura akiwa na jina na ofisi, ilhali mpinzani wake ana miguu yake tu. Watetezi wa utaratibu huo hutaja gharama za uchaguzi mdogo, na gharama hizo sisi twazijua. Hata hivyo, mtu aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1991 alifika 46 mwaka 2019 asijaona hata seneta mmoja mpya akikiingia kiti hicho kwa mchujo wenye wagombea wawili.