Sehemu ya 6: Kabla hujanunua kigari cha mtoto, kwanza itazame njia ya kwenu

Leo Shume ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Nimetoka zamu ya usiku, nimekunywa chai, sasa nakaa niwajibu.

Wiki hii kuna dada wa hapahapa kwetu kaniandikia inboksi, na kaniruhusu niliseme swali lake bila jina. Mtoto wake mkubwa ana miaka miwili na nusu, mdogo ana wiki sita. Viazi vimelipa, mume kampa laki mbili na nusu. Anataka kigari cha mtoto cha kukunja, vile vidogo vya safari ambavyo wengine mnaita strola. Ananiuliza, "Nesi, nichukue kipi?"

Jibu langu fupi: mdogo wangu, kwa hapa Shume, usichukue. Jibu refu ndiyo hili, na najua wapo watakaonuna.

Mimi mwenyewe nilikuwa nacho. Mtoto wangu wa kwanza, mwaka 2019, wifi yangu alininunulia cha mtumba Dar. Kikapanda basi hadi Mombo, kikahamia Coaster ya Lushoto, kikafika kwangu kimefungwa kamba juu ya magunia. Jamani, nilijiona! Majirani walitoka kukiangalia.

Kutoka nyumbani kwangu hadi barabarani ni mteremko, mnaufahamu udongo wetu. Mwanangu alikuwa na miezi 8. Nikasimama kusalimiana na jirani, nikakanyaga breki, nikaachia mkono. Kumbe breki imeshika gurudumu moja tu. Kigari kikajigeuza, kikaanza kuteremka. Nilikimbia mpaka kandambili zikabaki njiani. Kilichokizuia ni rundo la kabichi lililokuwa linasubiri gari. Mtoto alikuwa anacheka, kadhani ni mchezo. Mimi nilikaa chini nikalia.

Na kuna jambo ambalo siku ile sikumwambia hata mume wangu: mkanda sikuwa nimeufunga. Mimi, nesi, ninayewafundisha wenzangu. Leo nalisema ili mwingine asirudie. Kigari kile sasa kiko stoo, kinabebea karoti.

Hivi vigari vyepesi tunavyoviona vilibuniwa Uingereza mwaka 1965 na mzee mmoja mhandisi wa ndege, Owen Maclaren, aliyemwona binti yake akihangaika safarini na kigari kizito. Cha kwake kilikuwa na uzito chini ya kilo 3 na kilijikunja kama mwavuli. Wazo zuri sana. Lakini alikiwazia lami, sakafu za viwanja vya ndege na njia za waenda kwa miguu. Hakuwazia njia ya kwenda shambani Shume wakati wa masika. Vile vigurudumu vidogo kwenye tope havisukumiki. Utaishia kubeba kigari mkono mmoja, mtoto mkono mwingine, na mkubwa anakuvuta gauni.

Sasa niseme kinachoniuma zaidi. Wengi hatununui kigari kwa sababu tuna pa kukisukuma. Tunanunua kwa sababu tumeaminishwa kwamba mbeleko ni ushamba. Ukipiga picha na kigari umeendelea, ukipiga na kanga mgongoni unaonekana huna kitu. Si kweli, na sisemi kwa kujifariji.

Mwaka 1978 madaktari wa Bogotá, Colombia, walikuwa na njiti wengi na mashine za joto chache. Wakawaweka watoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Ndiyo hiyo tunayoiita Kangaroo wodini. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa nchi tano, Tanzania ikiwemo kupitia Muhimbili. Watoto waliozaliwa na uzito mdogo na kuwekwa Kangaroo mapema, bila kusubiri kwanza hali itulie, vifo vyao ndani ya siku 28 vilipungua kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza ianze mapema hivyo. Nakubali, Kangaroo na mbeleko ya kwenda sokoni si kitu kimoja. Ila zote zinatukumbusha kwamba mwili wa mama si kifaa cha maskini.

Lakini nisiipambe mbeleko kupita kiasi. Nayo ina makosa yake, na ninayaona kazini.

Kwanza, mtoto ambaye shingo haijakaza, huyo wa wiki sita, akae mbele kifuani, wima, uso wake uuone, kidevu kisikandamize kifua. Kidevu kikikandamiza kifua, njia ya hewa inabanwa, na mtoto mchanga hana nguvu ya kujiinua. Pili, kwa baridi yetu ya Juni na Julai, mvishe kofia na soksi, lakini usimfunike uso na blanketi. Tatu, usiingie naye mgongoni jikoni kwenye moshi wa kuni. Wewe unainama kupuliza moto, yeye anavuta moshi, na mafuta yanaruka. Nne, mtoto mgongoni juu ya bodaboda, tena mishikaki, mimi siiungi mkono hata kidogo. Kanga haizuii kitu pikipiki ikianguka.

Na kina mama mliojifungua kwa upasuaji: wiki sita za mwanzo usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako. Yule mkubwa wa miaka miwili na nusu ni karibu kilo 12, huyo si wako kwa sasa, ni wa baba yake. Nawasikia mkisema mgongo unauma ndiyo maana mnataka kigari. Naelewa. Ila wakati mwingine mgongo unauma kwa sababu nyumba nzima inategemea mgongo mmoja. Baba, kanga haina jinsia. Jifunge, mpeleke mtoto kliniki, hakuna atakayekufa kwa aibu.

Nyie wa Tanga mjini, Dar, Arusha, au mnaosafiri kila mara, msinichukulie vibaya. Kwenu kigari kina kazi yake. Kwa familia yenye wawili, ushauri wangu ni kigari kimoja chepesi kwa yule mkubwa akichoka, na mchanga abaki kwenye mbeleko. Cha watoto wawili ubavu kwa ubavu ni kipana, kitakusumbua kwenye milango na kwenye basi. Ukienda kununua, kipya au mtumba, angalia haya:

1. Umri. Chini ya miezi 6 mtoto anahitaji kulala chali kabisa. Vingi vya kukunja vinamkalisha tu. Muuzaji akisema "atazoea", ondoka.

2. Mkanda. Uwe wa sehemu tano: mabega mawili, kiuno pande mbili, na katikati ya miguu. Ufunge hata kama unaenda hapo dukani. Mimi ni shahidi.

3. Breki. Kabla hujalipa, weka ndani mzigo wa kilo 10, peleka kwenye mteremko kidogo, funga breki, kisha sukuma. Magurudumu ya nyuma yashike yote mawili.

4. Bawaba. Kunja na kunjua mara kadhaa. Mwaka 2009 Marekani, vigari karibu milioni 1 vya kampuni moja vilitangazwa kuwa na hatari kwa sababu bawaba zilikuwa zinakata ncha za vidole vya watoto, visa 12. Unapokunjua, mtoto akae mbali. Cha mtumba chenye kufuli iliyolegea usichukue hata kwa elfu ishirini.

5. Uzito. Kinyanyue kwa mkono mmoja huku umembeba mtoto. Ukishindwa dukani, mlangoni kwa daladala utashindwa zaidi. Na usitundike mkoba mzito kwenye mpini. Ukimtoa mtoto tu kinapinduka nyuma, na ukiwa umemwacha ndani bila mkanda, anapinduka nacho.

6. Joto. Dar na Tanga watu wanafunika kigari kwa kanga kuzuia jua. Usifanye. Uswidi mwaka 2014 gazeti moja lilipima: kigari wazi kilikuwa nyuzi 22, kikafunikwa kitambaa chepesi, nusu saa baadaye 34, saa moja 37. Na hiyo ni Uswidi! Tumia kile kivuli chake chenyewe, tafuta mti, na mguse mtoto shingoni kila mara.

7. Kiti cha kigari si kiti cha gari. Usikiweke kwenye Noah ukadhani mtoto yuko salama.

Sasa narudi kwa mdogo wangu na laki mbili na nusu zake. Kama zingekuwa zangu ningezigawa hivi. Laki moja ningeiweka pembeni isiguswe, nauli ya gari usiku mtoto akibadilika ghafla. Nyie mnajua kutoka vitongojini kwetu hadi hospitali usiku wa mvua ilivyo. Kila nikiwa zamu wapo wanaofika wamechelewa, na mara nyingi mama alishaona dalili tangu jioni, kilichokosekana ni hela ya gari. Nyingine ningenunua sweta nzuri na blanketi kwa wote wawili, kanga mbili nzito, na kibebeo imara chenye mikanda ambacho baba naye atakivaa bila visingizio. Ikibaki, mbegu za msimu ujao.

Na huyo mkubwa atembee. Atachoka, atalia, atakaa chini katikati ya njia, utamsubiri. Watoto wa milimani wote tumekua hivyo.

Mdogo wangu, ukiamua kununua hata baada ya kusoma yote haya, ni hela yenu na ni haki yako. Ila nipitishie kwanza nikujaribie breki. Nina mteremko wa kutosha hapa nyumbani, na karoti za kupakia ninazo.

Sehemu ya 7 nitaongelea homa ya usiku na lini usisubiri asubuhi. Kama una swali andika hapo chini, na ukiwa na mdogo wako mjamzito mpelekee hii asome kabla hajaenda dukani.