Kuharisha Mafia: Hatari Iko Katika Kuchelewa

Mtoto anayeharisha katika kisiwa cha Jibondo, Wilaya ya Mafia, yumo katika hatari ambayo mwenzake wa Kilindoni hana. Ugonjwa ni ule ule. Tofauti ni bahari. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni, na kusi likivuma, au maji yakiwa yamekupwa usiku, chombo hakiondoki kwa sababu tu mama ana dhiki.

Watumishi na walimu, ambao wananchi huwauliza mambo mengi, hawana budi kulielewa jambo hili. Aghalabu kinachoua katika kuharisha ni kupotea kwa maji na chumvi mwilini, hadi mzunguko wa damu ukadhoofu na figo zikashindwa kazi. Wala hatari hiyo haiwaangukii wote sawasawa. Mtoto mchanga ana akiba ndogo ya maji. Yule asiyenyonya, aliyedhoofu kwa utapiamlo, aliyetoka kuugua surua au anayeishi na virusi vya Ukimwi, yumo hatarini zaidi. Na mzee kadhalika. Kwa hao, siku moja ya kungoja ni nyingi mno.

Ipo pia hatari wanayoitengeneza watu wenyewe, nayo ni kumnyima mgonjwa kinywaji eti tumbo lipumzike. Mwaka 1971, kipindupindu kilipozuka katika kambi ya wakimbizi wa Bengali Mashariki huko Bongaon, India, Daktari Dilip Mahalanabis alikuwa akiishiwa na maji ya kutundikia wagonjwa. Akaamua wanyweshwe maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo. Vifo, vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30, vilishuka chini ya asilimia 4. Na wanyweshaji wengi walikuwa ni jamaa wa wagonjwa.

Lililowezekana kambini linawezekana Jibondo, mradi pakiti za dawa hiyo ziwe nyumbani kwa mama, si ghalani. Ila kila pakiti huhitaji maji safi, na kwa miaka mingi Jibondo ilitegemea mvua na maji ya kuvushwa kwa mashua. Mtumishi anayemkemea mama huyo kwa uchafu, naye ana bomba uani kwake, hajatenda haki.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilionyesha kuwa elimu ya afya yaweza kufika hadi vijijini. Leo mwalimu anaweza kuwafundisha wanafunzi, ambao wengi wao huwalea wadogo zao, dalili za kutazama: macho na utosi kubonyea, kulia bila machozi, mkojo kuadimika, ngozi ya tumbo kuchelewa kurudi ikifinywa. Choo chenye damu, kutapika kila kitu na kulegea ni dalili za kukimbilia hospitali. Lakini kwa mtoto mchanga au aliyedhoofu, dalili hizo zisingojewe zitimie. Huyo atafutiwe chombo mapema, jua lingali juu na maji yamejaa, na maadamu anaweza kumeza, anyweshwe kijiko kwa kijiko njia nzima.