Si Land Cruiser Iliyokunywa Mafuta

Mkubwa mmoja wa halmashauri katika ukanda wetu huu wa dhahabu aliulizwa kwenye kikao ni kwa nini fungu la mafuta la Julai hadi Desemba limekwisha Oktoba. Akasimama, akajibu kwa utulivu kabisa: "Ndugu wajumbe, haya ni magari makubwa. Land Cruiser inakunywa. Ndivyo ilivyo." Wajumbe wakaitikia kwa vichwa, kikao kikahamia kwenye vyoo vya shule. Nje ya ukumbi, chini ya mwarobaini, Land Cruiser tatu zilikuwa zinaunguruma, vioo vimefungwa, AC zinapuliza, tangu saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, nazisikia.

Nimechoshwa na jibu hilo. Nalisikia Kahama, nalisikia Katoro, nalisikia Shinyanga mjini. Wakubwa wa serikali wanalo, mameneja wa miradi ya wafadhili wanalo, hata mwenye duara la mgodi aliyepata dhahabu juzi akanunua Land Cruiser ya mkonga jana, leo tayari anakwambia gari lake linakunywa. Linasemwa kama habari ya mvua: limetoka juu, binadamu hana la kufanya. Ni uongo, na ni uongo unaotugharimu.

Tuanze na gari lenyewe. Mikonga mingi inayozunguka Msalala, Mbogwe na Bukombe ni ya mfululizo wa 70, ulioanza kuuzwa mwaka 1984. Chini ya boneti mara nyingi utakuta injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, ujazo wa lita 4.2, haina turbo. Ni injini ya mwaka 1990, iliyotengenezwa kwa ajili ya kudumu. Iendeshe kwa mwendo wa 80 kwenye lami ya Tinde kwenda Kahama, tairi zikiwa na upepo wa kutosha na filta ya hewa ikiwa safi, lita moja itaisukuma kilomita saba hadi nane. Kwa gari la uzito ule, lenye uso mpana kama ule, hayo si matumizi ya kutia aibu. Sasa iegeshe ikiwa inawaka. Kwa saa moja itachoma karibu lita nzima, na AC ikiwashwa itazidi hapo. Umekwenda kilomita ngapi? Sifuri. Hakuna fundi, Mjapani wala Mjerumani, aliyewahi kuunda injini inayobana mafuta huku ikiunguruma palepale ilipoegeshwa.

Piga hesabu ya kikao kile. Magari matatu, kila moja likiunguruma kwa muda wa saa tano: lita kumi na tano. Bei ya dizeli ilivuka shilingi 3,000 mwaka 2022, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, inapotangaza bei kikomo, sisi wa huku huwa tunalipa zaidi ya watu wa Dar es Salaam, kwa sababu mafuta yetu yamesafirishwa zaidi ya kilomita 900 kabla ya kufika kituoni. Lita kumi na tano ni zaidi ya kilomita mia moja za gari la wagonjwa. Hayo ndiyo mafuta yaliyochomwa ili kiti cha nyuma kiwe na ubaridi mzee atakapotoka.

Sisemi gari la wagonjwa kwa kutafuta mfano mkali. Nimesimama usiku kwenye kituo cha afya pamoja na ndugu wa mama mjamzito aliyekuwa anatoka damu. Tuliambiwa gari lipo, dereva yupo, mafuta hayapo. Tukachangishana noti za elfu mbili mbili, bodaboda akaenda na dumu sheli. Mama yule alifika hospitali, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo sivumilii kumsikia mtu mwenye fungu la mafuta akisema "inakunywa" halafu akakaa chini.

Mkiwabana, wanaleta utetezi. Wa kwanza ni turbo: eti ukizima ghafla turbo inaungua, lazima gari liwake kwanza lipoe. Ndugu yangu, 1HZ haina turbo! Unalinda kifaa ambacho gari lako halijawahi kufungiwa. Na hata lile shangingi lenye turbo, baada ya safari ndefu linahitaji dakika moja au mbili za kupoa, si kikao kizima pamoja na chakula cha mchana. Utetezi wa pili ni stata na betri, kwamba kuwasha mara kwa mara kunaviua. Stata imewekwa ili iwashe gari. Mtu anayeogopa kutumia stata asinunuliwe gari, apewe baiskeli.

Wa tatu ni matope. Hapo wanatoa sauti ya wataalamu: udongo wa mbuga wa Shinyanga unang'ang'ania tairi, gari linatembea kwa gia nzito, lazima linywe. Fungu lilikwisha Oktoba. Kati ya Julai na Oktoba huku kwetu, kutoka Kishapu hadi Chato, kwa sehemu kubwa ni vumbi. Tope lipi?

Niliwahi kulizungumza suala hili na dereva mkongwe aliyestaafu mgodi wa Mwadui, mtu aliyeendesha magari ya kazi tangu ujana wake. Akaniambia, "Mwanangu, gari halina tumbo. Tumbo liko kwenye kiatu cha kulia." Kisha akanionyesha mkonga uliopita mbele yetu umefunga keria tupu juu, na loki za magurudumu ya mbele ziko ndani wakati umo kwenye lami, unazungusha difu ya mbele bure. Tairi za nyuma zilikuwa zimelegea. Walizipunguza upepo ili wapite mchangani, akasema, wakapita, wakasahau kuzijaza. Mambo matatu kwenye gari moja, na hakuna hata moja ambalo Toyota ilihusika nalo.

Na mwendo, je? Upepo unaolikinza gari hauongezeki kwa kiasi kilekile cha mwendo. Unaongezeka kwa mraba wake. Kutoka 80 hadi 110, gari linapambana na ukinzani wa hewa karibu mara mbili, na uso wa Land Cruiser umekaa kama ukuta. Ndiyo maana naichukia misafara. Magari kumi yanakimbia taa zimewaka, bodaboda wanaangukia mtaroni, akina mama wa Katoro wanafunika dagaa wao kwa kanga, kumbe wanakokwenda ni kukata utepe wa kisima. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, imefunga mfumo wa kufuatilia mwendo kwenye mabasi ya abiria. Dereva wa basi akizidisha, anaonekana. Kampuni kubwa za migodi nazo hufunga vifaa vya aina hiyo kwenye magari yao. Mbona basi la mnyonge linafuatiliwa na shangingi la mkubwa linapeta?

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba hesabu zikigoma kabisa, "inakunywa" inageuka kuwa "dereva anaiba". Wezi wapo, nimewaona wakinyonya mafuta kwa mpira. Lakini dereva anayeambiwa "usizime, narudi sasa hivi", akasubiri tangu asubuhi hadi alasiri bila posho wala maji, halafu mwisho wa mwezi anaitwa mwizi mbele ya mhasibu, amedhulumiwa. Aliyetoa amri ya kutozima hayupo kwenye daftari la safari. Daftari linaandika kilomita ilipotoka na kilomita ilipofika. Saa tano za chini ya mwarobaini haziandikwi popote, kwa hiyo lazima apatikane mtu wa kuzibeba, na huyo ni dereva.

Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu, mashangingi yalizungumzwa nchi nzima, ila mjadala ulibaki kwenye kununua: bei gani, kwa nani, mangapi. Toyota yenyewe ilipoleta Land Cruiser 300 mwaka 2021 iliachana na V8 ikaweka V6. Wenye kiwanda wamepunguza silinda mbili, sisi hatujapunguza hata dakika kumi za kuunguruma kwenye maegesho.

Kwa hiyo, kabla halmashauri yoyote ya Geita au Shinyanga haijaomba nyongeza ya fungu la mafuta, madiwani wadai daftari la kila gari liongezwe safu moja: saa ambazo injini imewaka gari likiwa limesimama, na jina la aliyeagiza gari lisizimwe. Safu hiyo ijazwe na dereva, isainiwe na bosi aliyebebwa, isomwe kikaoni kwa sauti kama zinavyosomwa namba za utoro wa wanafunzi. Gari la wagonjwa ndilo liwe la kwanza kujazwa tangi kila Jumatatu, na mengine yafuate.