Kaseti za Feri ya Kilifi

Kabla ya mwaka 1991 mtu akitoka Malindi kwenda Mombasa hakuwa na budi kungoja feri pale Kilifi, kwani daraja halikuwako. Magari hupanga foleni, abiria hushuka, wauza korosho huzunguka madirishani. Hapo palikuwa na mkahawa mdogo wa makuti, na mtumishi wake alikuwa Ami.

Jina lake sitalitaja. Hata yeye hakupenda kuitwa ila Ami. Kazi yake ilikuwa kumimina chai ya maziwa, kuchoma mahamri na kubadilisha kaseti. Vijana wa Marekani wa miaka ya 1950 walikuwa wakitumbukiza sarafu katika sanduku la santuri mikahawani mwao, ukalia wimbo wautakao. Kwetu sarafu ilikuwa kikombe cha pili. Ukikiagiza, Ami hukuuliza, "Mwanangu, wataka upi?"

Mimi sikuzote nilimtaka Juma Bhalo. Marehemu huyo alizaliwa Malindi mwaka 1942, akafariki 2014, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayavika mashairi ya Kiswahili, mengine ya binamu yake Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita. Wako waliomlaumu kwa mahadhi ya kukopa. Lawama hiyo siitii maanani. Ami hakujua kusoma, lakini beti zile alizihifadhi, akinifasiria neno gumu mojamoja huku akisugua vikombe. Mwalimu wangu wa chuo, ambaye angenichapa lau angeniona pale, alinifunza herufi na tajwidi. Vina na mizani nilivipata penye moshi wa mafuta.

Mwaka 1990 nilikunywa chai mbili na mahamri manne bila senti mfukoni. "Nenda baba, utalipa ukirudi." Niliporudi daraja limekwisha funguliwa. Basi likapita juu kwa juu, nikatupa jicho upande wa feri, nisimwambie dereva asimame. Nikapita hivyo miaka mingi.

Mwaka jana nikaenda kuulizia. Ami ameshazikwa. Haki ya marehemu ni ya warithi wake, basi nikampa bintiye pesa. Akakataa, akaniambia nimtolee babake sadaka. Kisha akanionyesha sanduku la kaseti 30 zilizoota ukungu. Alikuwa karibu kuzichoma, kwani ameambiwa nyimbo zinamwadhibu mzee kaburini.

Kwa heshima zote, hapo sikubali. Dua na khitma ndizo zimfaazo maiti, hilo halina shaka. Lakini kaseti zilizouzwa na Mbwana Radio Service ya Mombasa zimo majumbani mwa watu wengi. Hizi za Ami nyingi zilinaswa harusini usiku, Malindi na Mambrui, wala hazina nakala. Ndimo yalimo maneno ambayo wajukuu zetu hawayajui tena. Ukishayachoma, utamwuliza nani? Mwenye sanduku kama lile nyumbani na ampe kijana mwenye kompyuta azihamishe kwanza. Kubishana kutakuja baadaye.

Sisi tumehamisha 23. Saba zimenata, hazizunguki. Mwenye ujuzi wa kuzinasua na aje, nitamlipa, na safari hii papo hapo.